Sensa ya Kamshafti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuipima Kabla ya Kuibadilisha

Majibu haya yanahusu zaidi magari ya petroli ya Kijapani yaliyojaa barabarani kwetu: Toyota zenye injini ya 1NZ-FE (IST, Vitz, Probox, Corolla) na 1ZZ-FE, Nissan X-Trail yenye QR20, na ndugu zake. Kanuni za kupima ni zilezile kwa magari mengi mengine. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Sensa ya kamshafti inafanya kazi gani?

Inaiambia kompyuta ya injini kamshafti (mhimili unaofungua valvu) iko wapi katika mzunguko wake. Kamshafti huzunguka mara moja kila krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo kompyuta ikitazama krenki peke yake inajua pistoni namba 1 imefika juu, lakini haijui kama imefika juu ikiwa inabana hewa au ikiwa inatoa moshi. Sensa ya kamshafti ndiyo inayomaliza utata huo. Kompyuta ikishajua, inapuliza mafuta na kupiga cheche kwenye silinda sahihi kwa wakati sahihi. Kwenye injini za VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka; kwa ujumla huitwa VVT) na nyingine za aina hiyo, sensa hiyohiyo hutumika pia kuangalia kama kamshafti imesogea kiasi ilichoamriwa.

2. Inatofautianaje na sensa ya krenki?

Sensa ya krenki ndiyo inayohesabu mizunguko ya injini. Kwenye 1NZ-FE, sahani ya krenki ina meno 34, na nafasi ya meno mawili imeachwa wazi ili kompyuta ipate alama ya kuanzia. Sahani ya kamshafti ina meno 3 tu. Sensa ya krenki ikifa, injini nyingi hazishiki kabisa. Ya kamshafti ikifa, injini nyingi bado hushika, ila kwa shida.

Njia ya haraka ya kuzitenganisha: unganisha mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu, fungua ukurasa wa mizunguko ya injini, kisha piga stata. Mashine ikionyesha 150 hadi 300 kwa dakika, sensa ya krenki inatoa ishara. Ikibaki sifuri huku stata inazungusha injini vizuri, anza na krenki na uachane na kamshafti kwanza.

3. Iko sehemu gani ya injini?

Kwenye 1NZ-FE na 1ZZ-FE iko kwenye kichwa cha silinda, mwisho wa upande wa gia boksi, imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Kwenye QR ya Nissan nayo iko mwisho wa kichwa upande wa gia boksi. Sensa ya krenki ya QR iko nyuma ya bloku, na mara nyingi huifikii mpaka uingie chini ya gari. Injini yenye VVT kwenye kamshafti zote mbili huwa na sensa mbili, moja ya upande wa kuingiza hewa na moja ya upande wa kutoa moshi.

4. Nitajuaje sensa yangu ni ya aina gani?

Hesabu waya kwenye soketi. Waya mbili ni sensa ya sumaku na koili: haihitaji umeme wa kuingia, inazalisha wake jino linapopita mbele yake. 1NZ-FE na 1ZZ-FE zina aina hii. Waya tatu ni sensa yenye saketi ndani: waya mmoja wa umeme (5 V au 12 V), mmoja wa ethi (hasi), mmoja wa ishara. Nissan QR na Toyota za kizazi cha 1ZR na 2ZR ziko kundi hili. Usiruke hatua hii, maana namna ya kupima kundi moja haifai kabisa kwa jingine.

## Dalili

5. Dalili zake ni zipi?

Inayojitokeza zaidi ni stata kuzungusha muda mrefu kabla injini haijashika, hasa asubuhi au baada ya kusimama sheli. Nyingine: gari kukosa nguvu ukikanyaga mafuta, kumisi, kuzima ghafla ukiwa kwenye foleni, gia za otomatiki kubadilika kwa kushtuka, na taa ya injini kuwaka.

Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo ni ya sensa ya kamshafti peke yake. Pampu ya mafuta iliyochoka nayo huchelewesha injini kushika. Koili mbovu nayo humisi. Na ukiona taa ya ulinzi wa ufunguo inapepesa huku stata inazungusha, huenda gari halijautambua ufunguo wako, na sensa haina kosa lolote.

6. Gari linazima likipata moto, nikisubiri nusu saa linawaka. Ni sensa?

Inawezekana sana. Waya mwembamba wa ndani au saketi iliyopasuka hutanuka kwa joto na kuachana, ikipoa inagusana tena. Sensa za Nissan QR zinajulikana kwa tabia hii. Tatizo ni kwamba gari likifika gereji limeshapoa, fundi anapima, kila kitu kiko sawa. Namna ya kuinasa iko kwenye swali la 17.

7. Naweza kuendelea kuendesha?

Kwa safari fupi ya kwenda gereji, ndiyo, kama injini haizimi yenyewe. Injini nyingi zikipoteza ishara ya kamshafti zikiwa zinaendelea kuzunguka hubaki hai kwa kutumia krenki. Shida inakuja ukizima na kutaka kuwasha tena. Lakini gari lililokwisha kuzima mara moja likiwa kwenye mwendo usilipeleke barabara kuu. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na msaada wa mikanyago michache tu.

Kuna hali moja ya kusimama papo hapo: msimbo ukiambatana na mlio wa kugonga au kukwaruza upande wa cheni au mkanda wa taimingi. Zima, vuta gari. Taimingi ikiruka zaidi, kwenye baadhi ya injini pistoni hugonga valvu.

8. Inaongeza ulaji wa mafuta?

Inaweza, kwa sababu kompyuta huacha kupuliza mafuta kwa mpangilio wa silinda na kusimamisha VVT kwenye nafasi moja. Lakini ulaji mkubwa peke yake, bila msimbo wala shida ya kuwasha, usiutafute hapa.

## Misimbo ya hitilafu

9. Mashine imeonyesha P0340. Ninunue sensa?

Bado. P0340 inasema kompyuta haipati ishara inayoeleweka kutoka kwenye *saketi* ya sensa ya kamshafti. Saketi ni sensa, soketi, waya mbili au tatu zenye urefu wa mita moja au zaidi, umeme na ethi inayoilisha, na kompyuta yenyewe. Mkanda wa taimingi ukikatika, kamshafti haizunguki, ishara haipo, na msimbo unaweza kuwa huohuo.

Hili la mwisho unaliangalia kwa dakika moja kwenye injini nyingi: fungua kifuniko cha kuwekea oili, mulika tochi ndani, mwenzako apige stata kidogo. Ukiona kamshafti au cheni inazunguka, endelea na umeme. Ikiwa imetulia tuli, acha kupiga stata; tatizo ni la taimingi.

10. P0341, P0342, P0343 na P0344 zinatofautianaje na P0340?

P0341: ishara ipo lakini haikubaliani na kompyuta inachotegemea. Fikiria taimingi iliyoruka, jino lililovunjika, sensa isiyokaa vizuri, au waya zilizogeuzwa (swali la 22). P0342: volti ya ishara iko chini muda wote, mara nyingi waya wa ishara umegusa bodi au sensa haipati umeme. P0343: volti iko juu muda wote, mara nyingi waya umekatika, soketi imechomoka, au ethi ya sensa haipo. P0344: ishara inakuja na kupotea. Huo wa mwisho ni wa soketi na waya mara nyingi kuliko wa sensa.

Misimbo ya P0365 hadi P0369 ni ya sensa ya pili, kwa kawaida ile ya kamshafti ya kutoa moshi. Watu wengi hubadilisha ya kwanza na kushangaa taa kurudi.

11. Nina P0016. Ni sensa ya kamshafti?

Kwa kawaida siyo. P0016 inasema kamshafti na krenki hazikubaliani, na ili kompyuta iseme hivyo lazima iwe inazipata ishara zote mbili. Angalia kwanza oili: kiasi chake, uchafu wake, na uzito wake. Injini iliyopangiwa 5W-30 ikijazwa 20W-50 kwa sababu "gari limekuwa kuukuu" huchelewesha VVT, kwa kuwa mfumo huo unasukumwa na oili. Kisha angalia valvu ya kudhibiti oili ya VVT na chujio lake dogo. Baada ya hapo ndipo uchunguze cheni iliyolegea au mkanda ulioruka jino.

12. Mashine ya Bluetooth inakataa kusoma gari langu la Japani. Nifanyeje?

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani, hasa la miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, linaweza kuwa na soketi ya OBD2 (ya kuchomekea mashine ya kusoma misimbo) ya pini 16 na bado lisizungumze lugha ya vifaa vya bei nafuu. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Toyota au Nissan za Kijapani. Kwenye Toyota nyingi za zamani unaweza pia kuunganisha pini namba 4 na namba 13 kwa waya mdogo, kisha uwashe swichi bila kupiga stata: taa ya injini hupepesa msimbo wa tarakimu mbili. Hakikisha namba za pini mara mbili kabla ya kuchomeka. Pini 16 ina umeme wa betri muda wote.

## Kupima

13. Nahitaji vifaa gani?

Maltimita ya dijitali, mashine ya kusoma misimbo, spana ya namba 10, pini mbili za cherehani, tochi, na dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi za umeme. Taa ya balbu ya kupimia iache kwenye boksi. Inavuta mkondo mkubwa na inaweza kuharibu kompyuta.

Pini za cherehani ni za kuingiza nyuma ya soketi, kando ya waya, mpaka zifike kwenye chuma. Usitoboe ngozi ya waya. Tundu hilo linaingiza maji, na mwaka ujao litakuwa ndilo tatizo.

14. Nianze na nini kabla ya kuchukua mita?

Betri. Pima volti wakati stata inazungusha. Ikishuka chini ya takriban 9.6 V, ichaji au ibadilishe kwanza, kwa sababu injini inayozunguka polepole hufanya sensa ya waya mbili itoe ishara dhaifu.

Halafu chomoa soketi ya sensa na uitazame kwa tochi. Kutu ya kijani kwenye pini, oili iliyopenya ndani, pini moja iliyorudi nyuma kuliko mwenzake, kufuli ya plastiki iliyovunjika: kila moja inatosha kuleta P0340. Fuata waya kwa vidole mpaka unapoingia kwenye fungu kubwa. Panya hupenda joto la injini, na alama za meno yao huwa upande wa chini ambao huuoni. Angalia pia kama waya umelala juu ya ekzosi.

15. Napimaje sensa ya waya mbili?

Zima swichi, chomoa soketi, weka mita kwenye omu na upime kati ya pini mbili za sensa. Toyota nyingi za kizazi cha 1NZ na 1ZZ husoma kati ya omu 800 na 2,800 injini ikiwa baridi, kutegemea modeli, hivyo linganisha na kitabu cha injini yako. Mita ikionyesha OL, yaani ukinzani usio na kikomo, koili imekatika. Ikionyesha karibu na sifuri, imeungana ndani. Pima pia kila pini dhidi ya bodi ya gari. Pasiwe na mawasiliano.

Joto lisikuchanganye. Koili ya shaba huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo iliyosoma omu 1,000 asubuhi itasoma kama 1,250 injini ikiwa kwenye nyuzi 90. Huo siyo ubovu.

Omu nzuri haithibitishi sensa nzima. Rudisha soketi, ingiza pini kwa nyuma, weka mita kwenye volti za AC na upige stata. Utafute sehemu ndogo za volti zinazopanda na kushuka. Ukipata sifuri huku omu ni sahihi, sumaku imedhoofika, sensa imekaa mbali na meno, au kamshafti haizunguki.

16. Na ya waya tatu?

Usiipime omu. Ndani yake kuna saketi, na namba utakayopata haina maana. Fuata mpangilio huu, swichi ikiwa imewashwa na injini haizunguki:

1. Soketi ikiwa imechomolewa, pima waya wa umeme dhidi ya hasi ya betri. Utapata karibu 5 V au karibu volti ya betri. Kama haupo na ni wa 12 V, tafuta fyuzi na rilei. Kama ni wa 5 V, chomoa sensa nyingine zinazotumia umeme huo moja baada ya nyingine. Mara nyingine sensa ya jirani ndiyo imeuangusha.
2. Pima waya wa ishara. Kwenye magari mengi kompyuta huuwekea 5 V, mengine 12 V. Sifuri inamaanisha waya umekatika, umegusa bodi, au kompyuta haitoi.
3. Rudisha soketi. Pima kati ya waya wa ethi na hasi ya betri. Zaidi ya 0.1 V ni ethi mbovu, na sensa yoyote utakayofunga hapo itaonekana mbovu.
4. Mita ikiwa kwenye waya wa ishara, zungusha krenki taratibu kwa spana ya boksi kwenye bolti ya puli, uelekeo wa kawaida wa injini. Volti iruke kutoka juu kwenda karibu na sifuri na kurudi. Zungusha raundi mbili kamili ili kamshafti imalize mzunguko mmoja.

Hatua 1 hadi 3 zikiwa sawa na ya 4 haibadiliki huku kamshafti inazunguka, sensa imekufa. Hapo nunua bila wasiwasi.

Kwa anayetaka uhakika zaidi kuhusu waya kwenye gari linalotofautisha P0342 na P0343: soketi ikiwa imechomolewa, futa misimbo, unganisha waya wa *ishara* na ethi, piga stata, soma tena. Msimbo ukihama kutoka wa volti ya juu kwenda wa volti ya chini, waya na kompyuta vinasikilizana. Usiunganishe waya wa umeme na ethi.

17. Vipimo vyote viko sawa lakini tatizo linakuja na kuondoka.

Sumbua saketi huku unapima. Injini ikiwa inawaka, tikisa fungu la waya kila baada ya sentimita kumi na uvute soketi kidogo pande zote. Injini ikishtuka, umefika. Kisha pasha sensa kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika kadhaa huku unafuatilia omu (waya mbili) au ishara (waya tatu). Ukinasa inakatika ikiwa ya moto, nyunyizia maji kidogo juu ya mwili wake, siyo kwenye soketi. Ikirudi, hukumu imetoka.

18. Siwezi kubadilishana sensa na gari la jirani tu?

Unaweza, kama namba ya sehemu ni ileile na la jirani ni zima. Kwenye injini za V zenye sensa mbili zinazofanana, hamisha ya kushoto kwenda kulia: msimbo ukihama pamoja nayo (kwa mfano P0340 ukawa P0345), ni sensa. Ukibaki palepale, ni waya au taimingi.

## Kubadilisha

19. Hatua za kufunga mpya ni zipi?

Toa hasi ya betri. Pulizia eneo hewa ili mchanga usiingie ndani ya injini. Chomoa soketi, fungua bolti, na zungusha sensa kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Ukiichomoa kwa bisibisi plastiki huvunjika na kipande kubaki ndani. Tazama ncha ya sensa ya zamani: vumbi la chuma likiwa limejaa, kuna kitu kinasagika ndani ya injini. Paka oili safi kwenye ringi ya mpira ya mpya, isukume kwa mkono mpaka ikae yote, kisha kaza bolti kwa 8 hadi 10 N·m. Usiivute ikae kwa kukaza bolti.

20. Mpya halisi, ya mtumba, au ya bei rahisi?

Halisi, ukiweza. Ya mtumba iliyotolewa kwenye injini kamili kutoka Japani ni bora kuliko mpya ya bandia, mradi uipime omu dukani (kama ni ya waya mbili) na ukague ringi yake. Za bandia huwa na sumaku dhaifu au mwili mfupi kidogo; injini inashika ikiwa baridi, ikipata moto msimbo unarudi. Agiza kwa namba ya chesisi. Kuomba "sensa ya IST" haitoshi.

21. Kuna kuprogramu baada ya kufunga?

Kwa Toyota na Nissan nyingi hakuna. Futa msimbo, washa, endesha. Baadhi ya magari ya Ulaya na Marekani yanahitaji mashine iyafundishe upya.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nimebadilisha sensa na msimbo umerudi.

Rudi swali la 14 hadi 16, safari hii ukiangalia waya. Kisha chunguza kama soketi iliwahi kukatwa na kuungwa upya. Kwenye sensa ya waya mbili, ukigeuza waya omu itakuwa sahihi na volti za AC zitakuwepo, lakini umbo la ishara linapinduka na kompyuta inasoma jino mahali lisipo. Ni kosa gumu kuliona kwa mita. Osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la ishara, huliona mara moja.

Alteneta nayo ina visa vyake. Diodi ikifa inaingiza AC kwenye umeme wa gari. Pima volti za AC kwenye betri injini ikiwaka. Zikizidi takriban 0.5 V, tengeneza alteneta kwanza.

23. Ilianza baada ya kuosha injini kwa mashine ya presha.

Maji yameingia kwenye soketi. Chomoa, pulizia hewa, weka dawa ya soketi, acha ikauke. Mara nyingi hapo inaisha.

24. Ilianza baada ya fundi kufungua kichwa au kubadilisha cheni.

Usinunue sensa. Angalia alama za taimingi, kisha kama soketi ya kamshafti imebadilishana na nyingine inayofanana nayo, na kama waya umebanwa chini ya kifuniko.

25. Kwenye dizeli je?

Upimaji ni uleule wa swali la 15 na 16. Tofauti ni kwamba dizeli nyingi za komoni reli (zenye bomba moja la mafuta ya presha linalolisha nozeli zote) zinakataa kuwaka bila ishara hii. Lakini soma presha ya reli wakati wa kupiga stata kabla ya kulaumu sensa: ikiwa haifiki 200 bar au zaidi, kwa kawaida kompyuta haitafungua nozeli, na hapo tafuta hewa kwenye mafuta, chujio lililoziba au pampu.